Mlango wa bweni unafungwa kwa nje usiku: mwalimu wa muda alalamikie wapi?

Mwalimu wa Muda
Hamjambo walimu wenzangu. Nimeajiriwa na bodi ya shule moja ya bweni ya wavulana hapa Kenya, ninamshikia vipindi vya Kemia mwenzetu aliye katika likizo ya uzazi. Mnajua jinsi mwalimu wa muda anavyojaribiwa: nilipoita majina kwa mara ya kwanza, vijana wa kidato cha tatu waliitikiana majina, na kila nilipogeukia ubao mluzi ulisikika kutoka madawati ya nyuma. Hayo hayanisumbui, kwani utundu wa aina hiyo hupungua wanapoona kwamba mwalimu amekuja na somo aliloliandaa na hakasiriki ovyo.

Kinachonisumbua nilikiona nilipokuwa mwalimu wa zamu. Baada ya masomo ya jioni, mlango wa nyuma wa bweni hutiwa kufuli kwa nje ili wavulana wasitoroke kwenda sokoni, na ufunguo hukaa na mlinzi wa lango kuu, mbali na mabweni. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mimi ni mgeni na wavulana hawa siwajui. Tumo katika muhula wa pili, mitihani ya majaribio inakaribia, na minong'ono kuhusu chakula imezidi. Je, mtu ambaye mkataba wake unaweza kukatizwa wakati wowote alipeleke wapi jambo hili, na kwa njia gani?

Naibu Mstaafu
Mwalimu, lipeleke kwa maandishi, tena leo. Usiandike kwamba shule si salama, kwa sababu maneno hayo hujibiwa kwa hasira. Andika tarehe, saa, ni mlango upi, kufuli lilikuwa upande gani na ufunguo ulikuwa kwa nani. Barua iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa bodi, ambayo ndiyo iliyokuajiri, na maelezo hayohayo uyaingize katika kitabu cha mwalimu wa zamu. Ukinyamaziwa, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ipo.

Huombi hisani. Mwongozo wa viwango vya usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa kusukumwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, bweni liwe na mlango kila mwisho na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Masharti hayo yana historia. Huko Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni lililomwagiwa petroli, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Tunapoisimulia habari hiyo tunaitaja petroli, na kufuli tunalisahau.

Mwalimu wa Nidhamu
Naibu amesema vyema, lakini naomba tusijidanganye. Kijana akitoroka usiku akapatikana amelewa, au akapatwa na baya zaidi, atakayeitwa kujieleza ni mwalimu wa zamu na si mwandishi wa mwongozo. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinaweza kumpeleka mwalimu jela. Mahali pake tuliambiwa tutoe ushauri nasaha, kazi ambayo katika shule nyingi hupewa mwalimu mwenye vipindi kamili vya somo lake. Walimu wa muda, mniwie radhi, huwa wapole ili wapendwe, kisha huondoka.

Hata hivyo, kufuli la nje siwezi kulitetea. Kwetu tuliweka komeo la ndani na mlinzi anayezunguka, na wanafunzi huhesabiwa kitanda kwa kitanda kabla ya taa kuzimwa. Watoro hawajaisha, ila sasa tunawajua kwa majina usiku uleule.

Matroni, Moshi
Shikamooni walimu. Huku Kilimanjaro hatujasahau wasichana zaidi ya 40 wa Shauritanga waliofariki bweni lilipoungua mwaka 1994. Mwalimu, ukipata nafasi ya kuingia bwenini, usiishie mlangoni. Tazama masanduku: siku ya ukaguzi husukumwa chini ya vitanda, na jioni ileile hurudi katikati ya njia. Halafu omba watoto wafanye zoezi la kutoka taa zikiwa zimezimwa, kuanzia vitanda vya juu. Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hilo, wasichana wote walikimbilia mlango waliozoea kupitia asubuhi, ilhali ule mwingine ulikuwa wazi hatua chache kutoka vitandani mwao.

Mwalimu wa Muda
Nashukuru. Barua imefika. Mwalimu mkuu aliisoma mbele yangu, akaniuliza ni nani aliyenituma, nami nikamjibu kwamba nimeandika nilichokiona kwa macho yangu. Ameagiza ufunguo wa pili ukae kwa kiranja wa bweni. Sioni kwamba hilo linatosha, kwa kuwa kufuli bado liko nje na kiranja hulala ndani, kwa hiyo nakala naipeleka kwa mwenyekiti.

Jambo jingine: niliwaomba vijana waandike malalamiko yao bila majina. Wengi waliandika juu ya maharagwe yasiyoiva na filamu ya Jumamosi iliyofutwa, lakini karatasi mbili zinataja usiku ambao "mtaona". Nizitoe zilivyo?

Naibu Mstaafu
Hizo mbili zimfikie mwalimu mkuu leo, kabla ya masomo ya jioni, zikiwa kama zilivyo, na umwombe walimu wawili walale karibu na mabweni. Zile za maharagwe zinakili kwa mwandiko wako, maana mwandiko wa mwanafunzi hutambulika, na aliyelalamikia chakula hastahili kuadhibiwa kwa hilo. Na kufuli liondolewe kabla ya usiku kuingia. Bodi itajadili baadaye.