Filamu ya zimamoto wa Korea: kamanda angewazuia vijana wake, tungemlaumu?

MamaNkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Jana nimemaliza ile filamu ya Kikorea ya 2024 ya zimamoto, ya mwongozaji Kwak Kyung-taek, yumo Joo Won. Usingizi ulinikataa. Nilidhani ni mikikimikiki ya sinema tu, kumbe inatokana na tukio la kweli la Seoul, mtaa wa Hongje-dong, alfajiri ya Machi 4, 2001. Nyumba inawaka, wapangaji wameshatolewa, mama mwenye nyumba analia kwamba mwanawe yumo ndani. Vijana wanarudi kumtafuta, jengo linawaporomokea, wanakufa sita. Na huyo mwana, mtu mzima kabisa, hakuwemo. Ndiye aliyeuwasha moto akakimbia.

Mume wangu anasema kamanda alipaswa kuwazuia. Mimi nina watoto, mdomo wangu unakataa kulisema hilo. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anijibu tafadhali.

Kijana_wa_Kisasa
Niko upande wa shemeji. Jengo limeungua muda wote huo, unawarudisha watu ndani kwa neno la mtu aliyechanganyikiwa? Hao sita nao wana mama zao.

Mstaafu_Zima
Binti yangu, kazi hiyo nimeifanya hapa kanda ya kati mpaka nikastaafu. Pale mlangoni, neno la mzazi mara nyingi ndiyo taarifa pekee uliyonayo, na muda wa kulipima hakuna. Aliyelala kwenye chumba kilichojaa moshi hana dakika nyingi. Wengi huuawa na moshi kabla moto haujawafikia. Kwa hiyo walioingia siwalaumu, na kamanda simlaumu.

Rudia kuitazama uone kilichowaponza. Magari yameegeshwa ovyo kichochoroni, gari la zimamoto limekwama mbali, vijana wanaburuta mipira ya maji kwa miguu huku moto unazidi kula nyumba. Ukuta ukishapikwa na moto unalegea, na maji unayomwaga nayo yana uzito: mita moja ya ujazo ni tani nzima. Halafu angalia makoti yao. Yale ni ya kuzuia maji, hayazuii moto! Enzi hizo zimamoto wa Korea walitegemea mifuko ya serikali za maeneo yao, penye fedha kidogo na vifaa vinakuwa hafifu. Wamekuja kuwa watumishi wa serikali kuu Aprili 2020, wenzao wako kaburini miaka 19.

Sasa njoo kwetu. Kiangazi kimoja tuliitwa Chang'ombe, upepo wa Dodoma mnaujua, cheche zinaruka na vumbi. Tukakuta lundo la mchanga na kokoto katikati ya njia, mtu anajenga. Tukashuka, mipira mabegani, tukakimbia. Bibi wa nyumba ile alishatolewa na majirani, Mungu awabariki. Lakini njia nzima tulikuwa tunatukanwa kwa kuchelewa, na mwenye kokoto alikuwa humohumo kwenye kundi, anatukana kuliko wote. Hilo linaniuma hadi leo.

Kijana_wa_Kisasa
Mzee, la njia nimekuelewa. La kuwarudisha ndani bado nakataa.

MamaNkuhungu
Shikamoo baba. Hapa kwetu kuna lundo kama hilo tangu Pasaka, bajaji zenyewe zinapita kwa kuinama upande. Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Na nikipiga 114 niseme nini? Wengi wetu anwani za nyumba zetu hatuzijui.

Mstaafu_Zima
Marahaba. Taja kata na mtaa, kisha kitu kinachojulikana na kila mtu: shule, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga. Sema kinachoungua ni nini, kama kuna mtu ndani, na analala chumba kipi. Kama huna uhakika kwamba yumo, sema huna uhakika. Usikate simu mpaka uambiwe. Halafu tuma kijana barabara kubwa atupokee, wengine waondoe magari na bajaji njiani.