Je, lugha ya programu iondoe vipengele vyake vya zamani?

Mleta mada: Ndugu zangu, fanksheni ya gets katika lugha ya C husoma maandishi bila kuangalia kama nafasi iliyotengwa inatosha, na mdudu wa Morris wa mwaka 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, alitumia udhaifu huo kuingia kwenye kompyuta za watu. Hata hivyo iliendelea kubaki mpaka ilipofutwa katika kiwango rasmi cha C cha mwaka 2011. Kipengele kibovu kiondolewe mapema, na anayelalamika kwamba programu yake imevunjika ni mvivu tu.

Mchangiaji wa pili: Kuhusu gets sina ugomvi nawe, lakini hilo neno "mvivu" sikubaliani nalo. Natunza programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Python 2 (toleo la zamani la lugha ya Python) na mtu ambaye hayupo tena kazini. Amri ya print, ya kuonyesha maandishi, isiyo na mabano hugoma papo hapo katika Python 3, kwa hiyo kuirekebisha si shida. Kugawanya ndiko kunakotesa: 3/2 iliyokuwa ikitoa 1 sasa hutoa 1.5, na programu huendelea kufanya kazi bila kulalamika huku majibu yamebadilika. Nililazimika kupitia kila alama ya kugawanya na kujiuliza mwandishi wa awali alikusudia nini. Huo ndio uvivu?

Mchangiaji wa tatu: Muda ulitolewa, ndugu. Python 3 ilitoka mwaka 2008, na mwisho wa huduma kwa Python 2 ukasogezwa kutoka 2015 hadi 2020. Ambaye hakuhama muda wote huo tumwiteje?

Mchangiaji wa pili: Mwite mtu aliyekuwa akisubiri maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) anazozitegemea zihame kwanza. Ile herufi u ya kutangulia alama za nukuu, iliyoondolewa katika 3.0, ilirudishwa katika 3.3 mwaka 2012 ili msimbo mmoja uweze kutumika katika Python 2 na Python 3. Walioirudisha nao walikuwa wavivu?

Mchangiaji wa nne: Lugha ya Rust imepata njia nyingine: neno async lilitengwa kwa matumizi ya lugha yenyewe kuanzia toleo la 2018, lakini kifurushi cha msimbo kinachojitangaza kuwa cha toleo la 2015 bado huruhusiwa kulitumia kama jina la kawaida, na vifurushi vya matoleo yote mawili huungana katika programu moja. Mzigo wa kukumbuka kanuni zote unabaki kwa waandishi wa kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta.

Mchangiaji wa pili: Na waubebe wao, kwa kuwa ndio walioamua mabadiliko na ndio wanaojua kila mahali yanapogusa.