Mrejesho: Ile marumaru yenye joto koridoni

Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini marumaru mbili za koridoni kwangu, Kisasa hapa Dodoma, zina joto muda wote, wakati Julai hii sakafu nyingine ni baridi ya kuuma nyayo. Umeme wa LUKU nao ulikuwa unaisha haraka mno.

Mliosema bomba la maji ya moto linavuja chini ya sakafu, mlipatia. Nilifunga koki zote za ndani, nikachuchumaa kwenye mita ya maji: kile kigurudumu chekundu kinazunguka polepole. Nikafunga koki inayoingiza maji kwenye hita, kikasimama palepale. Hapo nikamwita fundi.

Alibandua marumaru tatu, mchanga wa chini ukatoka umelowa na una mvuke. Elbo (kiungo cha kona) ya bomba la plastiki haikuyeyushwa na kuunganishwa vizuri tangu ujenzi. Imenisikitisha, kwa sababu nililipia kazi nzuri.

Ameweka elbo mpya. Nilimkataza kufukia siku hiyo. Tulifungulia maji, tukaacha shimo wazi usiku kucha. Asubuhi nilipapasa kwa mkono, pakavu kabisa. Asanteni sana, ndugu zangu.