Sweta la vifungo la kujishonea: kunakili la zamani, kuchora kwa vipimo au kurekebisha paterni ya fulana?

Cherehani ya Njombe
Ndugu wanachama, salamu. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu hainipi nafasi ya kusubiri, nami nimekusudia kujishonea sweta la vifungo, yaani kadigani, kwa kitambaa cha sweta kinachouzwa kwa mita, si kwa kulifuma kwa uzi. Nina njia tatu: kunakili sweta la mtumba linalonikaa vizuri, kuchora paterni (vipande vya karatasi vya kukatia nguo) kwa vipimo vya mwili wangu, au kuchukua paterni ya fulana niliyo nayo na kuipasua mbele. Kifua changu ni sentimita 96. Naomba kujua ni ipi iliyowafaa, na kwa nini.

Fundi wa Limuru
Mimi nilianza kwa kunakili. Unalilaza sweta juu ya karatasi ya kaki bila kulivuta, unatoboa kwa pini kando ya mishono, kisha unaunganisha matundu kwa penseli, na kwa saa moja una mbele, nyuma na mkono. Hata hivyo, sweta hilo limekatwa kwa kadiri kitambaa chake kinavyovutika. Sentimita 10 za sweta langu zilivutika hadi 15, lakini za kitambaa nilichonunua zilifika 12 tu, na ingawa nilifuata mistari yote, mikono ilinibana viwikoni hadi nikashindwa kulivaa. Pima mvutiko wa vitambaa vyote viwili kabla ya kushika mkasi.

Uzi na Sindano, Arusha
Kwa sababu hiyo hiyo, ndugu Fundi, mimi huchora kwa vipimo. Kwa kifua cha 96, ongeza sentimita 8 ili sweta livaliwe juu ya blauzi, upate 104, na robo yake ni 26, ndio upana wa kila upande wa mbele na wa nusu ya nyuma. Wengi hukosea katikati ya mbele. Ukipanga ukanda wa vifungo wa sentimita 3 utakaoshonwa baadaye, sharti upunguze sentimita 1.5 kwenye mstari wa katikati wa kila upande, kisha ndipo uongeze nafasi ya mshono. Usipopunguza, sweta zima litakuwa pana kwa sentimita 3 na mabega yataanguka. Mzingo wa kichwa cha mkono wa sweta, yaani ukingo unaoshonwa kwapani, nao ulingane na mzingo wa kwapa, kwa kuwa kitambaa kinachovutika hakihitaji ziada ya kukusanya.

Mama Pindo
Paterni ya fulana siipendekezi kwa kazi hii. Fulana hushika mwili, ilhali sweta huvaliwa juu ya nguo nyingine, kwa hiyo utalazimika kupanua ubavu, kushusha kwapa na kunenepesha mkono, na ukishamaliza hayo utakuwa umechora upya.

Naomba tuutazame ukanda, maana ndio unaoharibu masweta mengi, kwa njia yoyote utakayochagua. Ukikatwa mrefu, mbele hufanya mawimbi. Ukikatwa mfupi, pindo la mbele hupanda juu. Mimi huupima sawa na ukingo sehemu zote zilizonyooka, na kwenye mzingo wa nyuma ya shingo tu huukata kwa asilimia 90, nikiuvuta kidogo ninaposhona. Mahali pa matundu ya vifungo nabandika kwa pasi kitambaa kigumu chembamba, na mshono wa bega naushona pamoja na utepe wa pamba usiovutika. Tumia sindano ya ncha ya mviringo na zigizaga nyembamba, kwani mshono wa kawaida hukatika nguo inapovutwa.

Cherehani ya Njombe
Nawashukuru sana. Nimepima sasa hivi: sweta la mtumba linatoka 10 hadi 14, kitambaa changu kinafika 12 na nusu. Nitachora kwa vipimo, na kutoka kwenye mtumba nitachukua urefu wa mkono na wa mwili tu.

Fundi wa Limuru
Umechagua vyema. Basi piga bandi, yaani shona kwa muda kwa mishono mirefu, ubavuni na mikononi, ulivae mbele ya kioo na kuinua mikono, ndipo upeleke kwenye ovaloki, mashine ya kushona na kufunga kingo. Pindo usilikunje siku hiyo hiyo. Litundike sweta usiku mzima, kwa sababu kitambaa kizito hushuka.