Malalamiko: Acheni kutuuzia Halloween ya 2007 kana kwamba ni ile ya 1978

Wanajukwaa, salaam.

Nina malalamiko dhidi ya wenye vibanda vya filamu hapa Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, na dhidi ya wateja wanaowaunga mkono. Ukiomba kurushiwa filamu ya kutisha ya Halloween kwenye flashi, unapewa ile aliyoitengeneza upya Rob Zombie mwaka 2007, na ukiulizia ile ya John Carpenter ya mwaka 1978 unajibiwa kwamba hadithi ni ileile, ila hii mpya ina picha safi na damu ya kutosha. Hadithi si ileile hata kidogo, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi wanaotoa jibu hilo hawajawahi kuitazama ile ya kwanza.

Tuanze na mwuaji. Katika filamu ya 1978, Michael Myers ni mtoto wa miaka sita anayemchoma dada yake kisu usiku mmoja wa mwaka 1963, nasi tunalitazama tukio hilo kupitia matundu ya macho ya kinyago alichovaa. Wazazi wanaporudi na kumvua kinyago, tunakutana na uso wa mtoto wa kawaida, usio na hasira wala majonzi, na hadi filamu inakwisha hatupewi sababu yoyote. Hata Daktari Loomis, aliyemtibu kwa miaka mingi, hana la kusema isipokuwa kwamba huyu ni uovu mtupu. Hofu yote inatoka hapo, kwa kuwa mtu anayeua bila sababu humkwepi kwa wema wala kwa kujiepusha na ugomvi.

Rob Zombie ameichukua siri hiyo na kuijaza maelezo: mlevi anayeishi na mama yake Michael na kumtukana mtoto huyo kutwa, mama anayecheza uchi kilabuni, wanafunzi wanaomwonea shuleni, wanyama anaowaua kabla hajawageukia binadamu. Tunaishia kumwonea huruma pale tulipopaswa kumwogopa. Nakiri kwamba mtoto aliyeigiza, Daeg Faerch, ameifanya kazi yake vizuri sana, lakini ameifanyia filamu nyingine kabisa. Carpenter mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba maelezo hayo yamezidi na yameua fumbo la mhusika.

Uharibifu huohuo umemfikia Laurie, binti anayewindwa na Michael. Katika filamu ya awali anaandamwa kwa sababu tu asubuhi hiyo alipita kuacha ufunguo kwenye nyumba tupu ya akina Myers, akiwa ametumwa na baba yake ambaye ni dalali wa nyumba. Angeweza kuwa binti yeyote. Zombie amemfanya dada mdogo wa mwuaji, wazo lililozuka katika mwendelezo wa mwaka 1981 na ambalo halimo kabisa katika filamu ya 1978, na kwa kufanya hivyo amewaambia watazamaji wote wengine kwamba wako salama.

Mnasema mpya ina bajeti. Ni kweli, ilitumia takriban dola milioni 15, wakati Carpenter alikuwa na kama dola 300,000, akatunga muziki mwenyewe na kutumia kinyago cha dukani kilichopakwa rangi nyeupe. Hizo milioni 15 zimetupatia Michael aliyeigizwa na Tyler Mane, jitu la zaidi ya mita mbili linalobomoa kila kilicho mbele yake. Michael wa 1978, aliyeigizwa na Nick Castle, ana urefu wa kawaida, na anasimama mchana kweupe katikati ya nguo zilizoanikwa uani, bila kufanya lolote, kisha ukitazama tena hayupo. Mwishoni anapigwa risasi sita, anaanguka kutoka ghorofani, na mwili wake hauonekani. Tunabaki kuonyeshwa vyumba vitupu huku tukimsikia akipumua. Ile ya 2007 inamalizika kwa Laurie kumfyatulia risasi usoni na kupiga mayowe.

Ninachodai si kikubwa. Wenye vibanda, andikeni mwaka na jina la mwongozaji kwenye orodha zenu, na mwekeni ile ya 1978 isiyoingiziwa sauti ya mtafsiri, maana ukimya wake ni sehemu ya filamu na mtafsiri anaufukia kwa maneno. Anayebisha aje na hoja kuhusu filamu zenyewe, akiwa amezitazama zote mbili hadi mwisho.