Mrejesho: swali la pili halirukwi tena

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Dodoma. Niliuliza kwa nini programu yangu ya asembli (lugha ya maagizo ya moja kwa moja ya prosesa) kwenye Linux ya biti 64, inayouliza wilaya kisha umri, huruka swali la umri mtu akiandika Chamwino, ilhali Mpwapwa hupita salama.

Ushauri wenu wa kutazama thamani inayorudi (idadi ya baiti zilizosomwa) ndani ya rax, rejesta mojawapo ya prosesa, yaani kihifadhi chake kidogo cha namba, baada ya wito wa kusoma kilichoandikwa umemaliza tatizo. Nafasi niliyotenga ni baiti 8. Mpwapwa ina herufi 7, na kitufe cha Enter huongeza baiti ya nane yenye thamani 10. Chamwino huijaza nafasi yote kwa herufi pekee, hivyo ile 10 hubaki kwenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na kuchukuliwa papo hapo na wito unaofuata, ambao hurudisha 1 bila kumsubiri mtu. Sasa nakagua baiti ya mwisho iliyosomwa, na isipokuwa 10 naendelea kusoma na kutupa mabaki mpaka niipate, au mpaka rax irudi na sifuri (hakuna zaidi cha kusoma) au namba hasi (kosa).

Kihesabio nacho nimekihamishia rejesta ya rbx, kwa kuwa agizo la syscall, linalopeleka wito kwa kerneli, hufuta thamani zilizomo kwenye rejesta za rcx na r11. Aliyependekeza strace, zana inayoonyesha miito ya programu kwa kerneli, namshukuru kipekee, kwani ndiyo iliyonionyesha miito yote miwili waziwazi.