Naomba ushauri: fedha za matembezi ya hisani ya saratani zinaweza kubadilishiwa matumizi?

MwekaHazina_Dar: Wanajamvi, salaam. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya matembezi ya hisani yanayoandaliwa na mtaa wetu kila mwaka tangu 2019. Tunaanzia Coco Beach alfajiri, tunavuka Daraja la Tanzanite na kuishia Viwanja vya Mnazi Mmoja, na kila mtembezi huchangia shilingi 10,000 na kupewa fulana. Mwaka huu, baada ya kulipia fulana, maji, matangazo na gari la wagonjwa, zilibaki shilingi 6,340,000. Vipeperushi vilieleza kwamba fedha hizo ni za utafiti wa saratani, lakini sasa baadhi yetu tunaona ni afadhali zisaidie wagonjwa waliokwama kwa gharama za matibabu. Je, inafaa kubadilisha? Kikao ni Ijumaa, nami sijapata usingizi tangu Jumapili.

Mhasibu_Mstaafu: Ndugu, fedha iliyoombwa kwa kazi iliyotajwa ni amana ya kazi hiyo. Mnaweza kubadilisha iwapo kamati nzima itaketi, iandike muhtasari, kisha iwatangazie waliochangia kwa njia ile ile iliyotumika kuwaomba, na anayetaka kurudishiwa chake arudishiwe. Ila naomba unijibu mawili: hao "baadhi yetu" ni akina nani, na fedha zenyewe ziko wapi kwa sasa?

Mswahili_wa_Tacoma: Nimeguswa, kwa sababu naishi katika mji ambamo yalianzia matembezi mojawapo ya namna hii. Mwaka 1985 daktari wa upasuaji, Gordon Klatt, alizunguka uwanja wa Chuo Kikuu cha Puget Sound hapa Tacoma, Marekani, kwa saa 24, huku marafiki wakilipa dola 25 kila mmoja ili watembee au wakimbie pamoja naye kwa nusu saa, akapata dola 27,000 kwa ajili ya American Cancer Society, chama cha kupambana na saratani. Kutokana na usiku ule yakazaliwa matembezi ya hisani yaitwayo Relay For Life. Nilipohudhuria mara ya kwanza, giza lilipoingia waliwasha taa ndani ya mifuko ya karatasi iliyoandikwa majina ya wagonjwa na marehemu. Niliandika jina la shangazi yangu aliyefariki Muheza bila hata kujua ugonjwa wake unaitwaje, nikauzunguka uwanja nikilia, na mama mmoja nisiyemfahamu akanishika mkono mizunguko mitatu pasipo kusema neno.

Nesi_wa_Zamani: Mimi nawaunga mkono wanaotaka kuwasaidia wagonjwa. Tiba ya mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Anayetoka Kigoma kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, hawezi kwenda na kurudi, kwa hiyo atahitaji mahali pa kulala, chakula na mtu wa kumwangalia. Nimewaona wagonjwa wakikatiza tiba katikati, si kwa sababu dawa imeshindwa, bali kwa sababu mwenyeji wao amechoka au mbuzi wa mwisho ameshauzwa.

MwekaHazina_Dar: Ahsante sana, Nesi. Hayo ndiyo niliyotaka wenzangu wayaelewe.

Mhasibu_Mstaafu: Hujajibu swali langu. Fedha ziko wapi?

MwekaHazina_Dar: Mzee wangu, nitasema. Michango iliingia kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu, kwa kuwa akaunti ya benki ya kamati ilikuwa haijakamilika. Mdogo wangu wa tumbo moja ana saratani ya mlango wa kizazi. Wiki mbili zilizopita alitakiwa kuanza tiba, na tulikuwa hatuna fedha za vipimo, za dawa alizoandikiwa anunue nje, wala za kodi ya chumba karibu na hospitali. Nilitoa shilingi 1,800,000. Stakabadhi zote ninazo. Sikununua hata kanga. Naye alitembea nasi mwaka jana akiwa amevaa fulana yetu, na sioni ni mgonjwa gani waliochangia wangemkusudia kama si mtu wa namna yake.

Binti_wa_Tanga: Dada, nakupa pole kwa ugonjwa wa mdogo wako, na Mwenyezi Mungu amponye. Lakini swali lako la kwanza lilihusu kubadilisha matumizi, wakati wewe ulikwisha kuyabadilisha peke yako. Amana haitazami huruma ya aliyeishika. Katika orodha yenu wamo waliotoa 10,000 huku nyumbani kwao kuna mgonjwa kama wako, na hawakupewa nafasi ya kuomba.

Mchunguzi_Kimya: Naomba radhi, lakini simulizi hii naitilia shaka. Mleta mada anasema wanavuka Daraja la Tanzanite na kwamba wanatembea tangu 2019, ilhali daraja hilo lilifunguliwa 2022. Tena hapa jukwaani tumeona visa vya wagonjwa vinavyoanza kwa ushauri na kuishia kwa namba ya kutumiwa michango. Hii inanukia chai.

Nesi_wa_Zamani: Mchunguzi, hata kama ni ya kutunga, maswali ya nauli na malazi ni ya kweli.

Mchunguzi_Kimya: Ukweli wa maswali hauthibitishi ukweli wa muulizaji.

MwekaHazina_Dar: Miaka ya mwanzo tulipita Daraja la Selander, tukahamia Tanzanite lilipofunguliwa kwa sababu upepo wa bahari huwafaa wazee na watoto. Sijaomba hata senti hapa, na sitaweka namba yoyote. Anayetaka kuniona mwongo aendelee, ila mdogo wangu asiguswe.

Mtu_wa_Maabara: Uzi umehamia kwenye daraja, na neno utafiti limesahaulika kana kwamba ni anasa. Saratani hiyo hiyo ya mlango wa kizazi ndiyo mfano bora wa faida yake. Katika miaka ya 1980 Harald zur Hausen na wenzake, nchini Ujerumani, walivitambua ndani ya uvimbe wa ugonjwa huo virusi vya HPV vinavyousababisha, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na kutokana na maarifa hayo ikapatikana chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mdogo wako hakuiwahi. Watoto wake wa kike, kama anao, wataiwahi. Ndiyo maana waliochangia utafiti wasichukuliwe kwamba hawakujua walitendalo.

MwekaHazina_Dar: Anaye mmoja, ana miaka tisa. Sikuwa nimelifikiria hivyo. Lakini nieleweni nanyi: siku ile daktari alitaja tarehe, na utafiti haukuwa na tarehe.

Mswahili_wa_Tacoma: Huku chama hugharimia utafiti na huduma za wagonjwa vilevile, na mtembezi huelezwa hivyo kabla hajatoa dola yake. Mwakani vipeperushi vyenu vitaje yote mawili, na kamati iweke utaratibu wa kupokea maombi, ili mgonjwa wa mweka hazina aombe kama wengine.

Mhasibu_Mstaafu: Hayo ni ya mwakani. Leo usisubiri Ijumaa. Nenda kwa mwenyekiti na katibu ukiwa na stakabadhi na orodha ya miamala ya simu, uwaambie kabla hawajauliza. Andika kwamba shilingi 1,800,000 ni deni lako, na utaje utalipa kiasi gani kila mwezi. Shilingi 4,540,000 zilizobaki zitoke kwenye namba yako mara akaunti itakapofunguliwa.

MwekaHazina_Dar: Nimetoka kwa mwenyekiti sasa hivi, saa tatu usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mgonjwa amefikia kipindi cha ngapi cha mionzi. Nikamjibu cha sita. Amesema Ijumaa nitasoma taarifa mwenyewe mbele ya wote na nitakabidhi kazi ya uhazina siku hiyo hiyo. Nimekubali, ingawa bado naamini kwamba ningesubiri kikao mdogo wangu angekosa nafasi yake.

Mhasibu_Mstaafu: Taarifa hiyo usiisome kwa kukariri, iandike. Ukihitaji mtu wa kukagua hesabu kabla ya Ijumaa, nitumie ujumbe faraghani.